Bei ya Shingo

Teremsha tenga, Chibago. Baiskeli iegemeze pale kwenye minyaa,
tuongee.
Unasema huyu unampunguzia elfu tatu
kwa sababu ya shingo.
Kwani mteja wako wa Dodoma mjini anaagiza supu
au anaagiza manyoya?

Mshike miguu, mnyanyue.
Umeona? Uzito haukai kwenye nguo.
Na siku ya kumnyonyoa, maji nusu sufuria,
kuni mbili, umemaliza,
jirani na jogoo wake mwenye koti bado anapuliza moto.

Oktoba iliyopita, hapa hapa Hombolo,
jua lilikaa juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga.
Kuku wa mama Ndahani, wale weupe wa kununua,
walipanua midomo tangu saa nne,
mabawa yananing'inia kama kanga zilizosahauliwa kambani.
Saa tisa alikuwa anawahesabu waliolala.
Kumi na mmoja.
Huyu alikuwa jalalani, anapekua.
Shingo nyekundu kama mkono uliotoka kufua,
anapekua.

Usidhani namsifia ili uongeze. Bei nitakutajia.

Mwaka ule Nyemo wangu alipata mapunye.
Nikamnyoa kwa wembe, pale kwenye kigoda,
nikampaka dawa, kichwa kikang'aa kama yai.
Shuleni wakamwita Kishingo.
Darasa la tatu zima, hata binamu yake.
Siku tatu hakwenda. Alisema tumbo.
Tumbo gani linalomaliza ugali wa uwele na bakuli la mlenda?

Siku ya nne nikamkuta nyuma ya tembe,
kampakata huyu kuku,
kachana pindo la kitenge changu,
kitenge kipya, Chibago, nilikivaa mara moja, harusi ya Mpunguzi,
anamfunga shingoni.
"Wasimcheke," akaniambia.
Sikumpiga. Nilitaka.

Kuku akatembea hatua sita na skafu yake
kama mke wa mwenyekiti anakwenda mkutanoni.
Ya saba akainama, akapiga ukucha,
akaivuta, akaikanyaga, akainyea,
akaenda zake kutafuta mchwa.
Nyemo alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake asubuhi alivaa sare.
Kitambaa nilichomwekea afunge kichwani
nilikikuta kigodani, kimekunjwa vizuri.

Sasa nywele zimeota, wanamwita jina lake.
Lakini kila miezi mitatu, chanjo ya mdondo ikija,
hakuna mwingine anayeruhusiwa kumshika huyu.
Anamlaza ubavu, anamdondoshea tone moja jichoni,
anamwambia, "Hulii. Ni dawa tu."
Mimi huwa najifanya natafuta ufagio.

Mwezi jana katotoa tisa.
Baba yao ni yule jogoo wa kawaida, ndiyo maana
watano wamevaa kama watu,
na wanne shingo wazi, kishada kidogo kifuani,
walimu wanne waliofunga tai wakasahau shati.
Mmoja amepewa jina la mwalimu mkuu.
Silitaji. Kaka yake unamuuzia.

Kwa hiyo hizo elfu tatu zako, ziweke.
Zirudishie na zile nyingine.
Mchukue jogoo, ana kila unyoya unaoupenda,
anawika saa nane za usiku na hakuna aliyemuuliza.
Huyo tutapatana.

Huyu sikumtoa auzwe, alijitokeza mwenyewe kukuangalia.

Na mwachie miguu, Chibago.
Saa sita na nusu mtoto anarudi kula.
Sitaki akukute hivyo.